Tutapita Barabarani

Kabla ya uhuru hakuna mtu wa Rumonge aliyesema anasafiri nje ya nchi kwa sababu tu anakwenda Uvira. Uvira palikuwa mahali pa kununua vitenge, kuzika, kusalimia shangazi. Mbelgiji alitutawala pamoja, Kongo, Ruanda na Urundi, na pamoja na mabaya yake yote, kwenye barabara ile hakutuwekea mti wa kutuzuia. Ulipanda kamyo, lori la watu na mizigo, asubuhi hapa kwetu, ukapita Magara, ukapita Kabezi, ukanywa chai Usumbura, Bujumbura ya leo, na jua likiwa bado juu ulikuwa Uvira unavua viatu mlangoni kwa ndugu zako.

Sisi tulikuwa Waswahili wa hapa hapa. Baba yake mama alitoka Maniema akiwa kijana, baba yake baba alitoka Ujiji. Wote wawili wakaoa Rumonge, wakazaa Rumonge, na makaburi yao yako nyuma ya msikiti. Baba yangu alikuwa seremala. Alitengeneza milango, vitanda na mabodi ya kamyo. Mama alikuwa na michikichi upande wa Kigwena. Alikamua mawese na kuyapeleka Uvira, kwa sababu soko la kule lilikuwa zuri na kwa sababu nusu ya ukoo wake ilikuwa kule. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye sauti ya chini. Wasiomjua walidhani ni mpole.

Kongo ilipopata uhuru wake na kutuacha, sisi watoto hatukuelewa kuwa kuna kitu kimekatika. Watu wazima walielewa polepole. Kukasikika habari za vita kule, watu wakaja na magodoro kichwani. Halafu na sisi tukapata uhuru, Ruanda ikaenda zake, Burundi ikabaki peke yake kama mtu aliyegawana nyumba na ndugu zake, na kila aliyepata chumba chake akataka kuweka mlango. Mlango wetu ukawekwa kwenye barabara ya Uvira, ukishapita Gatumba, pale penye majani marefu.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameposwa na fundi cherehani wa Uvira. Posa ililetwa wakati Kongo ilikuwa bado haijachafuka. Harusi ikaahirishwa kwanza kwa sababu ya vita, halafu kwa sababu bwana harusi alifiwa na baba yake. Mwaka wa uhuru wetu, kiangazi kilipokuwa kinaisha, mama akasema haiahirishwi tena. Ndoa ilikuwa ifungwe kwetu, nyumbani kwa bibi harusi, kama ilivyo desturi. Lakini bwana harusi na watu wake walirudishwa mpakani. Akatuma salamu kwa dereva wa kamyo kwamba njia imefungwa na hajui itafunguliwa lini.

"Basi tutampelekea," mama akasema.

Baba alikuwa anapiga randa. Akaacha. "Utampelekea nini?"

"Bibi harusi. Kama yeye hawezi kuja, sisi tutakwenda."

"Mpaka ukifungwa unafungwa pande zote, mama watoto."

"Hilo nitaambiwa nikifika."

Tukajaa kamyo nzima. Kulikuwa na wanawake na masinia yao, mwalimu wa msikiti, wazee wawili wa kushuhudia, masufuria, mchele, mbuzi aliyefungwa miguu, na dada yangu katikati amefunikwa khanga. Mimi nilikaa juu ya gunia la mchele. Tuliimba mpaka Magara, ambako wauza samaki waliacha biashara yao wakatupigia vigelegele. Tuliimba mpaka Kabezi. Baada ya Gatumba nyimbo zilipungua zenyewe, kwa sababu kila mtu alikuwa anatazama mbele.

Bariyeri ilikuwa mwanzi mmoja, umelazwa juu ya mapipa mawili ya lami. Kando yake alisimama kijana mwenye kofia iliyomzidi kichwa. Baadaye tulikuja kujua kuwa alikuwa mwalimu wa shule huko milimani. Uhuru ulipokuja, wakatafutwa watu wanaojua Kifaransa na Kiswahili, naye akapewa kofia, filimbi na mwanzi, akaambiwa hapa ndipo nchi inapoishia.

"Amahoro, mama," akasema. "Huku hamupite."

"Amahoro, mwanangu. Kwa nini?"

"Iko imefungwa."

"Nani amefunga?"

"Amri ilitoka Bujumbura."

"Ilisema nini?"

Kijana akafikiri kidogo. "Ilisema ifungwe."

Dereva wetu akashuka, akamvuta mama pembeni. Alimwambia kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia kwamba njia nyingine ipo, pale kwenye matete, na watu wote wanapita huko na mizigo yao, na hata huyu mwenye kofia anajua. Kijana alisikia. Aligeuza uso akatazama upande wa ziwa, akaendelea kulitazama. Sote tukaelewa maana yake. Wanawake wakaanza kushusha masinia, mmoja akajifunga khanga vizuri kiunoni tayari kwa matope.

"Rudisheni masinia," mama akasema.

Hakuna aliyetikisika.

"Anayepita majanini ni mwizi wa mbuzi. Njia hii mimi nimeipita tangu nikiwa mgongoni kwa mama yangu. Mtoto wangu hataolewa kwa kujificha. Tutapita barabarani, ama hatutapita."

Mwalimu wa msikiti alijaribu. Alisema dharura ina hukumu yake, Mungu anajua nia. Mama akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamjibu, "Mwalimu, hii si dharura. Hii ni harusi."

Ng'ambo ya mwanzi barabara iliendelea, nyeupe kwa vumbi, halafu ukafuata mti mwingine uliolazwa, wa mkaratusi, na huo ulikuwa wa Kongo. Nyuma yake tuliona kanzu nyeupe. Bwana harusi na watu wake walikuwa wamefika upande wao. Walituona. Mwanamke mmoja wa kule akapiga kigelegele, na wetu wakamjibu.

Mama akauendea mwanzi, akaweka mkono juu yake.

"Kutoka hapa kwako mpaka pale kwao," akamuuliza kijana, "hapo katikati ni nchi gani?"

Kijana akatazama kile kipande cha barabara kana kwamba hajawahi kukiona. "Hilo sikuambiwa, mama."

"Ni Burundi?"

"Burundi iko inaishia hapa."

"Ni Kongo?"

"Kongo iko inaanzia pale."

"Basi amri yako haifiki pale, na ya wale haifiki. Tupishe tufungie ndoa hapo."

Alivua kofia. Akajikuna kichwa, akamtazama baba, ambaye alikuwa amesimama nyuma kabisa na koti lake la Idi, akitamani kuwa mtu mwingine. "Mama, na wakiniuliza?"

"Waambie hakuna mtu aliyeingia Kongo."

Nilidhani atapuliza filimbi. Badala yake aliinama, akashika ncha ya mwanzi, akauinua yeye mwenyewe. Akaushikilia juu mpaka mbuzi naye akapitishwa.

Mikeka ikatandikwa katikati ya barabara. Askari wa Kongo alikuja na bunduki yake kuuliza kuna nini, akaambiwa, akasema yeye naye amechoka kukaa peke yake. Wanawake wakawasha moto kandokando na wakapika wali pale pale. Baba akakaa mbele ya bwana harusi, akamshika mkono kama inavyotakiwa, na alipofika kwenye maneno ya kumwozesha binti yake akayakosea. Akaanza upya. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, mkono begani kwake. Sijawahi kuona harusi iliyokuwa na vigelegele vingi kama ile, na nimeona nyingi.

Shida ilikuja wakati wa kumpeleka bibi harusi. Yule askari wa Kongo, mdomo umejaa wali, akasema, "Muke wa mutu wa huku ni mutu wa huku. Apite." Rahisi namna hiyo. Lakini akasema mmoja tu. Wanawake wa kumsindikiza mpaka ndani ya nyumba ya mumewe hawakuruhusiwa, hata mama, hata somo yake. Na kijana wetu wa kofia akasogea, akasema kwa upole, akimtazama dada na si mama, kwamba akishavuka, kurudi kutataka karatasi, na karatasi hizo bado hazijachapwa.

"Atarudi kuzaa kwangu," mama akamwambia. "Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake. Wewe utakuwepo hapa?"

"Sijui, mama. Wanaweza kunihamisha."

"Ukiwepo utamfungulia."

"Nikiwepo nitamfungulia."

Mama akasimama kwenye mti wa Kongo, mikono yake miwili juu ya mti, mpaka khanga ya dada yangu ikapotea kwenye kona. Aliporudi alitembea taratibu, kama mtu aliyebeba maji. Kwenye kamyo hakuna aliyeimba. Lakini alipopanda alisema, na mimi nilikuwa karibu naye nikasikia vizuri, "Wameona. Tumepita barabarani."

Dada alirudi kuzaa, tumbo likiwa limemtangulia, na yule kijana alikuwepo, na alimfungulia.

Miaka iliyofuata ndiyo ilinifundisha mpaka ni kitu gani. Haukuwa mstari, ulikuwa hali ya hewa. Wiki moja walitaka lesepase, karatasi ya kuvukia, wiki nyingine walitaka muhuri wa komini, ofisi ya serikali ya kwetu, wiki nyingine hawakutaka chochote na walikushangaa ukiuliza. Kulikuwa na mzee mmoja wa Gatumba ambaye nyumba yake ilikuwa huku na shamba lake la pamba kule, na kila siku alimwamkia yule mwenye kofia akienda kupalilia na akamuaga akirudi kula. Ng'ombe walikwenda na kurudi bila kuulizwa. Siku moja mama alikuwa amekaa kwenye kivuli cha kibanda cha forodha na madumu yake ya mawese, nami nipo naye, akingojea jibu tangu asubuhi. Yule kijana, ambaye sasa hakuwa kijana sana, akamletea maji.

"Mama, usinichukie," akasema. "Mimi mwenyewe kila Jumatatu nangojea kuambiwa mpaka huu ni nini."

"Sikuchukii wewe," mama akasema. "Nangojea tu."

Mara nyingi alirudishwa. Wanawake wenzake walipita kwenye matete, wakauza, wakarudi, wakamkuta bado amekaa pale kwenye pipa. Walimcheka, na hawakumcheka kwa siri. Tulirudi Rumonge na mawese yetu yote, tukayauza hapa kwa bei ya hasara. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alisema siku moja tukiwa tunakula, "Mama yenu anabishana na mti."

Mama akaendelea kumenya ndizi yake. "Si mti ninaobishana nao. Nikipita majanini mara moja, siku wakiniuliza mimi ni nani nitasema nini? Nitasema mimi ni mtu wa majanini."

Nilimwona mkaidi tu. Nilikuwa msichana, niliona aibu kukaa kwenye pipa. Ulipokuja mwaka wa sabini na mbili ndipo nikaelewa alikuwa anajiandaa kwa swali gani.

Mwaka huo dada alikuja kututembelea na watoto wake wawili wa mwisho. Kongo sasa iliitwa Zaire, naye alikuwa na karatasi ya Zaire yenye picha yake, na tulimcheka kwa sababu kwenye picha alionekana kama mke wa waziri. Alikuwa akae mpaka mvua ziishe. Mwishoni mwa mwezi wa nne wakaja watu na mapanga. Wengine walisemekana wametoka ng'ambo ya ziwa, wengine tuliwafahamu kwa sura. Waliua watu wa serikali, wakaua majirani zetu Watutsi na familia zao, majumbani na barabarani. Tulijifungia ndani, baba amekaa mlangoni na shoka lake la kazi. Halafu wakaja askari kutoka Bujumbura, nasi tukadhani imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Wakaanza kuchukuliwa wanaume. Walimu, makarani, wenye maduka, mtu yeyote wa Kihutu aliyejua kuandika jina lake, na kwa sababu ilisemwa kwamba wauaji walikuwa na wenzao kati ya Waswahili, wakachukuliwa na wetu. Waliitwa komini kwa mkutano. Baba akaitwa. Akavaa koti lake.

"Usiende," dada akamwambia.

"Nisipokwenda watasema nina la kuficha. Sina." Akamtazama mama. "Wewe ndiye ulitufundisha kupita barabarani."

Mama akamsogelea. Alimnyoosha kola, akamwangalia akitoka.

Hakurudi. Kesho yake mama akapika chakula, akakiweka kwenye bakuli lenye kifuniko, akaenda kwenye kambi ya jeshi, ambako ilisemwa walioitwa walipelekwa, akapitia mbele kabisa, kwenye lango. Nilimfuata. Askari akamwambia arudi nyumbani.

"Nionyeshe mume wangu aliko, nirudi."

"Hapa hayuko."

"Aliingia hapa. Mlimpeleka wapi?"

"Mama, rudi."

Hakurudi mpaka alipochoka kusimama. Akaenda tena siku iliyofuata, na iliyofuata. Wake za watu wengine walimwona, na wawili wakaanza kwenda naye, kila mmoja na bakuli lake. Sijui kama aliwahi kufikiri kwamba wangeweza kutupiga risasi. Mimi nilifikiri hivyo kila siku. Mwishowe askari mmoja, mtu mzima kidogo, akamsogelea, akamwambia kwa Kirundi, taratibu, asilete tena chakula. Mama akamtazama usoni, akaelewa. Akamshukuru, "Murakoze," kama mtu aliyepewa kitu. Akaliweka bakuli chini mbele ya lango, likiwa limejaa, tukaondoka.

Nyumbani hakulia mbele yetu. Alisema, "Sasa ni huyu," akamwonyesha dada.

Maana karatasi ile ya Zaire ilikuwa imegeuka kuwa kifo. Askari walikuwa wanatafuta watu wa ng'ambo. Majirani walikuwa wanakimbia kwa mitumbwi, na mitumbwi ilikuwa inapigwa risasi majini; tulisikia. Wengine walikata kwa miguu kwenda kusini, kwenye mpaka wa Tanzania, kupitia vichakani. Jirani alitushauri dada aichome karatasi, ajifiche kwenye msitu wa Kigwena.

"Akiichoma, Uvira hawatampokea, na hapa hawatamwamini," mama akasema. "Tutampeleka kwao. Barabarani."

Safari hii sikumwona mkaidi. Niliogopa, lakini sikuwa na njia bora kuliko yake ya kumwambia. Tukaondoka asubuhi, mama mbele, dada na mtoto mdogo mgongoni, mimi nimemshika mkubwa. Tulivaa nguo zetu nzuri. Mama alitaka hivyo. Alisema hatukimbii, tunasindikiza mgeni.

Mpaka uliokuwa Gatumba ulikuwa umetawanyika nchi nzima. Kila penye nyumba kumi kulikuwa na mti umelazwa barabarani, na nyuma ya mti vijana wenye marungu au askari wenye bunduki, na wote waliuliza swali lile lile: wewe ni nani, wa wapi, unakwenda wapi. Mama alijibu kwa Kirundi chake kisafi, na kila mahali alijibu ukweli. Mimi ni wa Rumonge. Huyu ni binti yangu, nilimzaa Rumonge, ameolewa Uvira, ninamrudisha kwa mumewe. Kila mara nilingoja ukweli huo utuue.

Ilikuwa karibu itokee Magara. Ufuo ulikuwa mtupu, hakuna samaki, hakuna wachuuzi, mitumbwi imepasuliwa matumbo. Askari kijana akachukua karatasi ya dada, akaitazama picha, akamwambia asimame pembeni, sisi tuendelee. Pembeni walikuwepo watu wengine wamekaa chini, vichwa wameinamisha, na hakuna aliyehitaji kueleza wanangoja nini.

Mama akakaa chini. Katikati ya barabara, miguu ameinyoosha, na nguo yake nzuri.

"Simama, mama."

"Sisimami. Kama huyu anabaki, tunabaki wote. Mimi ndiye niliyemzaa. Kama ana kosa la kuzaliwa, kosa ni langu."

"Wewe hukuitwa."

"Nimejiita."

Mimi nikakaa. Nikampakata mtoto mkubwa. Dada, aliyekuwa tayari amepiga hatua kwenda pembeni, akarudi akakaa nasi. Yule kijana akaikoki bunduki. Nakumbuka mtoto aliniuliza kwa nini tumekaa kwenye njia ya magari.

Gari la jeshi likaja kutoka upande wa Bujumbura, likakuta tumeziba njia. Mkubwa aliyekuwa ndani akapiga kelele kutaka kujua kuna nini. Kijana akaeleza. Yule mkubwa akatutazama, wanawake watatu na watoto wawili mavumbini, akatazama saa yake, akasema kwa Kifaransa jambo ambalo sikulisikia vizuri, akapunga mkono kama anayefukuza kuku. Karatasi ikatupwa mapajani kwa mama. Tukainuka, gari likapita. Sijui mpaka leo kwa nini. Wale waliokuwa pembeni hawakuinuka, na nimeishi na hilo.

Tulifika mpakani kwa miguu na kwa kamyo moja ya pamba iliyotuhurumia. Pale penye mwanzi palikuwa na chuma sasa, kimepakwa rangi, na majandarma, askari wa mpakani, ambao hatukumjua hata mmoja. Mama akamuulizia yule wetu, mwalimu wa zamani mwenye kofia.

"Huyo hayuko," akajibiwa, na namna alivyojibu ilitosha. Mama akafumba macho kidogo. Yule kijana alikuwa Mhutu wa milimani, alikuwa amesoma, tulielewa.

Jandarma akasoma karatasi ya dada. "Huyu ni wa Zaire, apite na watoto wake. Nyinyi ni wa Burundi, mubaki."

Ng'ambo shemeji yangu alikuwa anangojea. Alikuwa akija pale kila siku tangu habari zilipofika Uvira. Nilimwona amejishika kichwa kwa mikono miwili. Mama akamfungua mtoto mgongoni kwa dada ili amkumbatie vizuri, akamfunga tena. Kisha akanisogelea mimi, akasema kwa Kiswahili cha haraka kwamba yule jandarma anatazama kando, nipite na dada yangu, nijifanye yaya wa watoto.

"Na wewe?"

"Mimi nina nyumba. Nina mume ambaye sijaonyeshwa kaburi lake."

"Basi na mimi nina baba ambaye sijaonyeshwa kaburi lake."

"Usinibishie."

"Umenifundisha wewe, mama. Sipiti kwa kujifanya."

Alikasirika kweli kweli. Aliniambia maneno ambayo hakuwahi kuniambia, kwamba mimi ni mpumbavu, kwamba amechoka kuhesabu watu wake. Nilibaki nimesimama pale pale. Dada akavuka akilia, mtoto mkubwa akigeuka nyuma. Tulipoanza kurudi, mama alitembea mbele yangu bila kunigeukia mpaka karibu na Kabezi. Hapo akapunguza mwendo nikamfikia. Akanipa nusu ya muhogo uliobaki, tukala tukitembea.

Nyumba tuliikuta imevunjwa mlango, na vifaa vya baba vimebebwa vyote, hata mabaki ya mbao. Kitanda alichotuchongea kilikuwa kizito mno, walikiacha. Tuliegemeza mlango kwa mawe. Siku zilizofuata zilikuwa za ukimya ambao sijui kuueleza. Nyumba nyingi hazikuwa na moshi. Kigwena chikichi zilikuwa zimeiva na kuanguka, hakuna wa kuziokota. Tukaziokota. Tukachemsha, tukatwanga, tukakamua, wanawake wawili kazi ya watu sita.

Mawese yalipokuwa tayari, mama akasema anakwenda sokoni.

"Soko limefungwa, mama. Hakuna mtu."

"Limefungwa na nani?"

Tukabeba dumu kichwani tukaenda. Uwanja ulikuwa mtupu, majani yameanza kuota penye njia za watu. Mama akaenda mahali pake pa siku zote, akafagia kwa tawi, akatandika gunia, akaweka dumu na kipimo chake, akakaa. Watu wachache waliopita upande wa barabara walitutazama kama vichaa. Askari wawili wakaja, wakatuuliza tunafanya nini.

"Tunauza mawese," mama akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa atakayenunua."

Wakachungulia dumu, wakaondoka.

Jua lilipopanda akaja mwanamke mmoja wa Kitutsi, mwenye nyumba juu ya barabara. Wale wa mapanga walikuwa wamemuulia mume na kaka yake siku ile ya kwanza. Tangu hapo hakuonekana, na watu walisema haongei. Sisi tulikuwa watu wa upande ulioshukiwa. Nilidhani amekuja kututukana, na nilijiandaa kunyamaza. Alikuwa amebeba kikapu cha maharage. Akatazama uwanja wote ule mtupu, ambamo angeweza kuchagua kukaa popote. Akaja mpaka ubavuni kwa mama.

"Nimesikia wewe ni mjane," akasema kwa Kirundi.

"Hawajaniambia bado," mama akajibu. "Lakini ndivyo."

"Mimi waliniambia."

Mama akasogeza gunia, akampa nafasi. Akakaa, akamwaga maharage yake juu ya kitambaa, akayapanga mafungu. Mpaka jioni hakuja mnunuzi. Waliongea kuhusu mvua, kuhusu wadudu wa maharage. Tulipokuwa tunafunga vitu mama akampimia mawese, yule naye akampa mama mafungu mawili, na wakaulizana kama kesho watakuja.

"Nitakuja," mama akasema. "Wewe?"

"Nitakuja."

Wakaja. Wiki hiyo haijaisha akaja muuza chumvi naye, akatandika gunia lake kando yao.